Kung'arisha uvimbe wa ubongo ndani ya chumba cha upasuaji: mwongozo kamili wa 5-ALA, kuanzia dawa ya alfajiri mpaka MRI ya baada

Ukiangalia glioblastoma (saratani kali inayoanzia kwenye ubongo wenyewe) kupitia maikroskopu kwa taa nyeupe ya kawaida, katikati ya uvimbe hapana shida, pana kijivu, pamelainika, pengine pameshakufa kabisa, mtu yeyote aliyezoea anapaona. Shida iko pembeni. Pembeni uvimbe unaingia ndani ya ubongo mzima polepole na hakuna mstari, daktari anafika mahali anajiuliza hapa nikate au niache, na akikata sana mgonjwa anaamka hawezi kuongea au mkono hauinuki, akikata kidogo uvimbe unabaki na unarudi haraka. Ndo maana watu wakatafuta dawa ya kumpa mgonjwa kabla, ambayo ukiwasha taa ya bluu uvimbe wenyewe unang'aa. Dawa hiyo ndo 5-ALA.

Nawaandikia wenzangu wa chumba cha upasuaji, manesi, watu wa usingizi, madaktari wanaosomea upasuaji wa ubongo, na pia ndugu wa mgonjwa ambaye ameambiwa "kesho tutampa dawa ya kunywa halafu tutawasha taa ya bluu" akabaki na maswali. Karatasi ya dawa iliyo ndani ya boksi na utaratibu wa hospitali yako ndo vina neno la mwisho, hii inakusaidia uelewe kwa nini vinasema vinavyosema.

Kitu kimoja nakuomba ukishike toka mwanzo, maana hatua zote zinakizunguka: rangi inakuonesha dawa ilipokwenda, sio saratani ilipo. Mara nyingi viwili hivyo vinakutana sehemu moja. Zile mara ambazo havikutani ndo mgonjwa anaumizwa.

Kinachong'aa ni nini hasa

5-ALA sio rangi. Ni kitu ambacho mwili wako unakitengeneza kila siku, ni hatua ya mwanzo kwenye njia ya kutengeneza himu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake. Kawaida mwili unajizuia, himu ikitosha unapunguza kutengeneza ALA. Sasa sisi tukimnywesha mtu ALA nyingi kutoka nje tunaruka kile kizuizi, na njia nzima inajaa. Mwishoni mwa njia kuna kimeng'enya kinachoweka chuma, na kwenye seli nyingi za glioma (jamii ya uvimbe wa ubongo ambayo glioblastoma imo) hicho kimeng'enya ni dhaifu, wakati huohuo ule ukuta unaozuia vitu vya kwenye damu kuingia ubongoni umeshabomoka eneo la uvimbe kwa hiyo ALA inaingia kwa wingi. Inakuwa kama foleni ya magari Kigamboni siku pantoni imebaki moja, magari yanaendelea kufika na kuvuka hayavuki. Kinachorundikana kinaitwa protoporfirini IX, na hicho ndo kinachong'aa: ukikimulika kwa mwanga wa bluu-zambarau wa takriban nanomita 400 kinarudisha mwanga mwekundu, kilele chake nanomita 635 hivi.

Hapo unaona kwa nini dawa inahitaji masaa. Seli lazima zifanye kazi yao kwanza, huwezi kuchoma sindano ukawasha taa.

Wazo lenyewe sio geni. George Moore, daktari wa Minnesota, Marekani, mwaka 1948 alikuwa anatumia floreseini, rangi inayong'aa njano-kijani, kutafuta uvimbe wa ubongo. Ila kilichobadilisha mambo kwenye glioma ni utafiti wa Ujerumani ulioongozwa na Walter Stummer, matokeo yakatoka 2006. Waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa kwa 5-ALA na wengine kwa taa nyeupe tu. Uvimbe unaoonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa 5-ALA, kwa wengine ilikuwa asilimia 36. Waliofika miezi sita bila ugonjwa kusogea mbele walikuwa asilimia 41 dhidi ya asilimia 21. Ulaya ikaidhinisha dawa 2007 kwa jina la Gliolan, Marekani ikafuata 2017. Nasema na upande wa pili kwa sababu ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuusikia: muda wa kuishi kwa ujumla kwenye utafiti ule ulikuwa miezi 15.2 dhidi ya 13.5, na tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema ni ya dawa. Glioblastoma haiponi kwa taa. Tunachonunua hapa ni upasuaji uliokamilika zaidi, na muda mzuri zaidi kabla ugonjwa haujarudi.

Kabla ya yote, hakikisha dawa inaendana na kiungo

Watu wanachanganya, wanadhani kuna dawa moja ya kung'arisha saratani zote. Hakuna.

Kwenye kibofu kuna ndugu yake 5-ALA, heksaminolevulineti, hii hainywewi, inaingizwa kwenye kibofu kwa katheta, miligramu 85 ndani ya mililita 50, inakaa kama saa moja ndo unaingiza kamera yenye taa ya bluu. Kwenye ini inatumika sana ICG (indosianini ya kijani), dawa ya zamani kabisa ambayo Marekani ilishaikubali tangu 1959 kwa kupima kazi ya ini na moyo. ICG inang'aa kwenye mwanga ambao jicho halioni, zaidi ya nanomita 800, kwa hiyo lazima kamera maalum, faida yake mwanga wa aina hiyo unapenya nyama kidogo zaidi, milimita kadhaa. Ukiichoma siku kadhaa kabla, ini zima linakuwa limeshaitoa kupitia nyongo, saratani ya ini yenyewe inabaki nayo, na zile saratani zilizosafiri kutoka utumbo mpana zinaonekana zimezungukwa na pete. Ukiichoma siku ileile unaona mishipa ya damu na njia za nyongo, ni kazi tofauti kabisa, usichanganye.

Kwa ovari kuna pafolasianini, inauzwa kama Cytalux, FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) iliikubali Novemba 2021 na mwaka uliofuata ikaongezewa mapafu. Hii ni akili nzuri sana, wameunganisha rangi na kitu kinachofanana na foleti (vitamini ya jamii ya foliki asidi) kwa sababu saratani nyingi za ovari zina vipokezi vingi vya foleti juu ya seli. Dozi ni miligramu 0.025 kwa kilo, dripu ya saa nzima, saa 1 mpaka 9 kabla ya upasuaji. Na kwa kuwa vinagombania mlango mmoja, mgonjwa asiwe amekunywa vidonge vya foliki asidi masaa 48 kabla. Kwenye wanawake 134 waliopimwa, asilimia 26.9 walikutwa na angalau kidonda kimoja cha saratani ambacho macho na vidole havikukiona. Kwa titi kuna pegulisianini, iliyokubaliwa 2024, hii imezimwa mpaka ikutane na vimeng'enya vilivyojaa kwenye uvimbe ndo inawaka, inasaidia kuangalia lile shimo lililobaki baada ya kutoa uvimbe. Ina onyo kali la mzio wa ghafla, kwa hiyo inatolewa mahali ambapo adrenalini iko karibu na kuna mtu anayejua kuitumia.

Floreseini nairudia mwishoni kwa sababu kwa hospitali nyingi za kwetu ndo yenye nafasi.

Kuanzia hapa naongelea 5-ALA na ubongo tu.

Hatua ya kwanza: mgonjwa ni huyu kweli?

Dawa hii imeidhinishwa kwa glioma kali, daraja la 3 na la 4, zile ambazo kwenye MRI zinanyonya dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili picha ionekane vizuri. Glioma za daraja la chini nyingi hazing'ai kabisa. Kuna faida moja hata hapo, ndani ya uvimbe wa daraja la chini kakitokea kasehemu kanakong'aa huwa ndo panapogeuka kuwa pabaya, wapasuaji wa Vienna wamelifanyia kazi sana hilo, lakini usitegemee kupata mpaka wa uvimbe.

Wasiopewa: mwenye porfiria ya aina yoyote (huyu njia yake ya himu imeshaharibika, ukimjaza ALA unamletea balaa), mwenye mzio na dawa za jamii hii, mjamzito. Uliza ini na figo, angalia vipimo vya damu.

Halafu dawa nyingine anazotumia. Hapa nataka tukae kidogo. Masaa 24 kabla na baada, mgonjwa asiwe kwenye dawa zinazofanya ngozi iungue na mwanga, na orodha yake ni tetrasaiklini, salfa, na familia ya cipro. Kwa lugha ya mtaani: doxy, septrin, cipro. Septrin hiyo ndugu zangu, wagonjwa wetu wangapi wanaimeza kila siku kama kinga kwa sababu wanaishi na VVU, na ukimuuliza "unatumia dawa gani" anakutajia za presha tu kwa sababu septrin kwake imeshakuwa sehemu ya maisha, au kwa sababu wodi imejaa watu na hataki kutaja mbele yao. Mpeleke pembeni umuulize kwa heshima. "Mama, naomba kukuuliza taratibu, kuna kidonge chochote unameza kila siku, hata cha miaka mingi?" Akisema ndiyo, mwambie daktari wake, usiisimamishe wewe. Uliza na dawa za mitishamba pia, kuna majani yanayouzwa kwa ajili ya huzuni, haiperikamu (St John's wort), nayo iko kwenye orodha.

Mwisho angalia udhaifu alionao kabla ya upasuaji. Mtu ambaye mkono au maneno yameshapotea na stiroidi (dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo) hazijamrudishia, ubongo wake pale umeshabanwa, na kwa kuwa kung'aa kunamvuta daktari akate zaidi, huyu yuko kwenye hatari zaidi ya kuamka mbaya. Timu ijadili hilo siku moja kabla na iandikwe, isiwe mjadala wa fuvu likiwa wazi.

Hatua ya pili: dozi na saa

Dozi ni miligramu 20 kwa kila kilo, anakunywa, masaa 3 kabla ya usingizi, inakubalika kati ya 2 na 4.

Chupa moja ina gramu 1.5 za unga. Unaweka mililita 50 za maji ya kunywa, unatikisa mpaka uishe, sasa kila mililita moja ina miligramu 30. Hesabu: uzito mara 20, gawa kwa 30. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 1,200, ni mililita 40. Mtu wa kilo 75 anamaliza chupa nzima. Wa kilo 82 anahitaji miligramu 1,640 ambayo ni mililita 54.7, kwa hiyo lazima chupa ya pili, na hilo ulijue jana sio alfajiri ya leo famasi ikiwa imefungwa. Mpime uzito kwa mzani, usichukue namba aliyokutajia. Watu wawili wahesabu kila mtu kivyake.

Vuta kwa sirinji, weka kwenye kikombe, mgonjwa anywe wewe ukiwa umesimama hapo. Maji kiasi hicho masaa 3 kabla hayaharibu kufunga kwake, lakini mwambie mtu wa usingizi. Akitapika muda mfupi baada ya kunywa usimpe nyingine kwa kukadiria, piga simu.

Saa sasa. Kung'aa kunafika kileleni takriban masaa 6 mpaka 8 baada ya kunywa. Tuseme usingizi unaanza saa mbili asubuhi. Dawa anakunywa saa kumi na moja alfajiri. Kumlaza, kumpanga, kufungua fuvu, utando wa ubongo unafunguliwa kama saa nne hivi, na kati ya saa tano na saa saba mchana ndo kung'aa kuko juu kabisa, daktari akiwa anafanya kazi pembeni ya uvimbe. Inapangika vizuri sana, lakini kwa sharti kwamba huyu ndo mgonjwa wa kwanza kwenye listi. Ukimweka wa pili halafu wa kwanza akachelewa, dawa inaanza kuisha akiwa bado korido. Upasuaji ukisogezwa zaidi ya masaa 12, usilazimishe, upangwe kesho yake au baadaye, na dozi mpya inatolewa tena masaa 2 mpaka 4 kabla ya usingizi.

Nesi wa wodi ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hatua hii, nalisema kwa dhati, maana ndo yuko macho saa kumi na moja alfajiri. Aandike saa kamili aliyonywa, sio "asubuhi". Saa hiyo iandikwe pia ubaoni chumba cha upasuaji.

Hatua ya tatu: mfiche mwanga

Toka amekunywa, ngozi na macho yake yanaathirika na mwanga mkali. Karatasi ya Ulaya inasema masaa 24, ya Marekani inasema 48, fuata ya dawa mliyonunua. Taa ya kawaida ya chumba sio shida. Shida ni jua la moja kwa moja, taa kubwa za upasuaji, na taa yoyote kali iliyoelekezwa sehemu moja. Kwa hiyo kitanda chake kisiwe dirishani, akisukumwa kwenda upasuaji asipitishwe nje juani (hospitali zetu nyingi majengo yameachana na unavuka uwanja, hapo shuka la kumfunika liwe tayari), na akiwa mezani sehemu zote zisizohitajika zifunikwe. Maelekezo hayatofautishi ngozi nyeusi na nyeupe, usimwachie mtu jua kwa sababu ya weusi wake.

Mweleze mwenyewe na ndugu zake kwa maneno rahisi: "Mzee, mpaka kesho asubuhi hii saa kama hii tunakuweka kivulini, wakija wageni wasifungue pazia." Ukieleza sababu watu wanafuata.

Hatua ya nne: chumba na maikroskopu

Maikroskopu lazima iwe na taa na filta ya kazi hii, Zeiss wanaiita Blue 400, Leica wanaiita FL400. Ijaribiwe asubuhi kabla mgonjwa hajaingia: taa ina nguvu, kubadilisha kutoka nyeupe kwenda bluu kunafanya kazi kwa kitufe, kamera inarekodi. Taa iliyozeeka inatoa bluu dhaifu, na bluu dhaifu maana yake ni uvimbe unaoonekana haung'ai wakati upo.

Panga na timu nani anazima taa kubwa za dari. Chumba kinatakiwa kiwe giza kweli wakati wa bluu, skrini zilizo karibu zigeuzwe, huku mtu wa usingizi akiwa na taa yake ndogo ya kuona mashine yake, na nesi anayepeana vifaa awe amevipanga mahali anapovikuta kwa mkono. Mtu wa usingizi ajue pia kwamba dawa hii inaweza kushusha presha, na kichefuchefu kipo.

Hatua ya tano: nyeupe kwanza, bluu kwa vipindi

Kosa la kawaida ni kuwasha bluu mapema sana na kukaa nayo. Kazi kubwa inafanyika kwa taa nyeupe, unatoa katikati ya uvimbe, unadhibiti damu, unajua mishipa iko wapi. Bluu inaingia ukianza kukaribia pembeni, na inaingia kwa vipindi.

Sababu za kufanya hivyo ziko tatu na zote ni za kifizikia. Kwanza mwanga wenyewe unaua kung'aa: protoporfirini ikimulikwa inaharibika, chini ya mwanga wa bluu-zambarau inashuka mpaka asilimia 36 kwa dakika 25 hivi, chini ya taa nyeupe kwa dakika 87. Pili, kwenye bluu damu inaonekana nyeusi tu, mshipa mdogo wa damu ukivuja unaweza usione damu inatoka wapi, kwa hiyo kutokwa damu kunarudiwa kwenye nyeupe. Tatu, mwanga wa bluu haupenyi, unaona ngozi ya juu ya tishu na basi, filamu nyembamba ya damu au kipande cha pamba kinafunika kila kitu.

Kwa hiyo mzunguko unakuwa hivi: osha shimo kwa maji, nyonya, zuia damu, toa pamba zote na vile vitambaa vya kuzuia damu, sogeza maikroskopu karibu iwezekanavyo, elekeza mwanga uso kwa uso na ukuta unaoutazama, ndo sema "bluu". Zima taa. Angalia ukuta mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule kila mara, mbele, nyuma, kati, nje, sakafu. Kingo zinazoning'inia zinaficha, mwanga ukipita kwa upande eneo lililo kwenye kivuli linaonekana salama wakati halijamulikwa. Ukiona kitu, kumbuka mahali, rudi nyeupe, fanya kazi. Halafu tena.

Hatua ya sita: kuisoma rangi

Ubongo wa kawaida kwenye modi hii unaonekana bluu. Uvimbe mzito unaonekana mwekundu uliokolea, hauna ubishi. Ukisogea nje unapata pinki iliyofifia, hapo seli za saratani zimechanganyika na ubongo unaofanya kazi, na hapo ndo maamuzi yote magumu yapo.

Nyekundu iliyokolea karibu kila mara patholojia (maabara inayochunguza vipande vya tishu) inathibitisha uvimbe. Pinki mara nyingi ni uvimbe pia, lakini msongamano wa seli ni mdogo. Bluu, yaani pasipong'aa, haimaanishi pasafi! Hili watu wanalisahau sana. Sehemu iliyokufa katikati ya uvimbe haing'ai kwa sababu seli zilizokufa hazitengenezi kitu. Na nje ya pinki seli bado zipo, chache, zimesafiri mbali, dawa haiwezi kuzionesha.

Upande mwingine kuna vinavyong'aa na sio uvimbe. Ngozi ya ndani ya vyumba vya maji ya ubongo inaweza kung'aa bila seli ya saratani hata moja. Mgonjwa aliyeshapigwa mionzi, uvimbe umerudi, pale makovu na sehemu zilizovimba kwa sababu ya mionzi navyo vinaweza kuwaka. Majipu, limfoma (saratani ya seli za kinga), saratani zilizotoka sehemu nyingine, hata maradhi yanayovua ganda la nyuzi za neva, vyote vimeshaonekana vinang'aa. Kwa hiyo ukiwa hujawahi kuthibitisha ni glioma, kung'aa peke yake hakukupi jina la ugonjwa, tuma kipande cha haraka patholojia.

Hatua ya saba: wapi pa kuacha

Karatasi ya dawa inasema wazi: karibu na maeneo ya gamba la ubongo yenye kazi muhimu na miundo muhimu iliyo chini yake, baki umbali wa angalau sentimita 1 haijalishi panang'aa kiasi gani. Natamani mstari huo ubandikwe ukutani. Eneo la kuongea likiwa linang'aa pinki bado ni eneo la kuongea.

Kujua maeneo hayo yako wapi, rangi haikusaidii, unahitaji kitu kingine. Nevigesheni (kompyuta inayokuonesha uko wapi kwenye picha ya kichwa iliyopigwa kabla) inasaidia mwanzoni, ila ukishatoa uvimbe na maji ubongo unasogea na picha ya jana haiko tena sawa na kichwa cha leo. Ndo maana wengi wanaunganisha na umeme mdogo wa kupima neva, au mgonjwa anaamshwa katikati anaongea na kutaja picha huku daktari anagusa. Kwa mgonjwa anayeamshwa muda wa dawa upangwe upya kwenye karatasi kwa sababu hatua zinaongezeka. Umeme ukijibu, unaacha, hata kama mbele yako panawaka. Panapong'aa palipoachwa paandikwe kwenye ripoti ya upasuaji na sababu yake, watu wa mionzi wataihitaji.

Hatua ya nane: sampuli

Usitupe kila kitu kwenye kopo moja. Kopo la nyekundu, kopo la pinki, kopo la pembeni pasipong'aa kama kuna kipande kilichotolewa kwa sababu nyingine ya kitabibu, kila moja na lebo ya rangi na mahali. Nesi anayezunguka aandike anapotajiwa, sio baadaye. Hospitali inayoanza ikifanya hivi kwa kila mgonjwa, baada ya muda itajua kwa macho yake yenyewe na kwa maikroskopu yake yenyewe pinki ina maana gani.

Kama maikroskopu ya bluu haipo

Floreseini ya sindano, ileile watu wa macho wanayotumia kupiga picha za retina, inang'aa njano-kijani. Kwa kawaida ni miligramu 3 mpaka 5 kwa kilo mshipani mwanzoni mwa usingizi kama maikroskopu ina filta ya njano, Zeiss wanaiita Yellow 560. Pia kuna wanaotumia dozi kubwa, miligramu 20 kwa kilo, ambapo njano inaonekana kwa macho chini ya taa nyeupe ya kawaida. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na 5-ALA, na kwa nchi ambazo bajeti ya chumba cha upasuaji inahesabiwa kwa glavu naiona ni njia ya maana na inastahili kufundishwa.

Lakini inafanya kazi tofauti kabisa. Floreseini haiingii kwenye kazi ya seli, inavuja tu pale ukuta wa mishipa ya ubongo ulipobomoka. Ubongo uliouumiza wewe mwenyewe kwa vifaa nao unavuja, kwa hiyo kadri muda unavyokwenda njano inasambaa mpaka pasipo na uvimbe. Mwambie mgonjwa na nesi wa wodi kwamba ngozi na mkojo vitakuwa njano siku hiyo, wasidhani ini limekufa. Mzio mkali ni nadra ila upo, adrenalini iwe mezani.

Hatua ya mwisho: baada ya kufunga

Mgonjwa anaenda ICU na kivuli chake kinaendelea, na hii inaanguka kwenye makabidhiano kila mahali: timu mpya haijui kwamba amekunywa dawa, inawasha taa ya uchunguzi juu ya uso wake. Andika saa ya kunywa na saa ya kumaliza kivuli kwenye fomu ya makabidhiano na kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani. Kama alisimamishiwa septrin au cipro, andika lini na nani ataamua irudi, la sivyo mtu anaenda nyumbani bila kinga yake.

Vipimo vya ini vikipanda kidogo siku za mwanzo ni jambo linalojulikana na mara nyingi vinashuka vyenyewe, virudiwe mpaka vishuke. Angalia mkono, mguu, maneno, kila zamu, ulinganishe na alivyokuwa kabla na sio na mtu mzima wa afya.

MRI yenye kontrasti ifanyike ndani ya masaa 72 tangu upasuaji. Ukichelewa zaidi kovu jipya linaanza kunyonya kontrasti na huwezi tena kulitofautisha na uvimbe uliobaki. Picha hiyo iwekwe pembeni ya video ya taa ya bluu na majibu ya yale makopo ya rangi, timu ikae izione pamoja kabla mgonjwa hajapangiwa mionzi na temozolomaidi (dawa ya kemo).